Jinsi ya kuomba karatasi za kwenda kuruka mwavuli nje, ukiwa Malindi

Rafiki yangu mmoja wa Shela, hapa hapa Malindi, alinunua mwavuli kabla hajawa na pasipoti. Alipata seti nzima, mtumba mzuri, kwa Mtaliano aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Pasipoti ilipotoka, mwavuli wa akiba, ule wa kukuokoa mkuu ukikataa, ulikuwa umepitwa na siku zake za kufungwa upya. Safari ikaahirishwa, tiketi ikapotea. Tangu siku ile mtu akiniuliza anunue mwavuli gani kwanza, mimi humuuliza pasipoti yako iko wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha jifunza kuruka, labda kule Diani, ana leseni yake ya kwanza na sasa anataka kwenda kuruka nchi ya watu. Kama hujaruka hata mara moja, tafuta mwalimu wa kukufunga kifuani mruke pamoja. Haya mengine yatakungoja.

Pasipoti

Fungua akaunti ya eCitizen kwa namba ya kitambulisho chako, ingia upande wa Idara ya Uhamiaji, jaza fomu ya pasipoti. Ya kurasa 34 inakutosha. Tangu ada zilipopanda mwaka 2024 ni shilingi 7,500. Unalipa kwa M-Pesa, paybill ya serikali ni 222222, kisha unachagua siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Sisi wa Malindi wengi tunaomba Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120. Wa Lamu waanze na boti hadi Mokowe, halafu basi. Wao wasichague saa mbili asubuhi.

Chapisha fomu na risiti. Beba cheti cha kuzaliwa halisi na nakala, kitambulisho halisi na nakala, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha za pasipoti, na nakala ya kitambulisho cha mtu anayekudhamini. Nakala zitoe kwenye saiba ya mtaani kwako. Karibu na ofisi kurasa hizo hizo hugeuka dhahabu.

Wengi wetu wa pwani tunakwama kwenye majina. Cheti kinasema Mwanaisha, kitambulisho kinasema Aisha. Baba ni Mohamed kwa m moja huku na kwa mbili kule. Mwingine ana jina la babu kwenye cheti na la ukoo kwenye kitambulisho. Usiende dirishani ukitumaini watakuonea huruma. Kaa na karatasi zako zote usiku mmoja, zisome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi hutatuliwa kwa hati ya kiapo ya wakili. Jina likiwa tofauti kabisa, jiandae kubadili rasmi, na hiyo ni miezi. Tena kuna sisi ambao majina yetu tu yanatosha kuleta maswali: babu alizaliwa wapi, bibi je? Mimi niliulizwa. Nilikuwa nimebeba kitambulisho cha zamani cha babu, kile cha karatasi, kilichochanika kwenye mkunjo. Ami yangu ndiye aliyenilazimisha. Alisema, "Chukua, mwanangu. Usipoulizwa hujapoteza kitu." Niliulizwa, nikakitoa, mazungumzo yakaisha.

Nchi gani kwanza

Nenda Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kule kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Inatakiwa pasipoti yenye uhai wa angalau siku 30 baada ya siku unayopanga kuondoka kwao, kurasa tupu mbili, tiketi ya kurudi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho kijitabu cha njano hakina mzaha, kwa sababu Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa. Chanjo uichome siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, maana kabla ya siku hizo kupita cheti hakihesabiki. Ukishachomwa mara moja ni ya maisha. Yale mambo ya miaka kumi yaliondolewa 2016.

Ulaya ni habari nyingine. Tuseme umeota Empuriabrava, Uhispania, ule uwanja ulio karibu na bahari ambao warukaji wa dunia nzima huutaja. Unahitaji viza ya Schengen: ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, ombi lipelekwe si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Utaenda Nairobi kutoa alama za vidole. Utaonyesha taarifa za benki, kazi yako, mahali utakapolala, na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000.

Sasa soma hiyo bima, usiilipie tu. Bima nyingi za safari, zile za bei nafuu zinazouzwa pamoja na viza, zina orodha ya michezo isiyolipiwa, na kuruka kwa mwavuli hukaa karibu na juu. Ubalozi utaikubali kwa sababu masharti yake ya viza yametimia. Ukivunjika kifundo cha mguu uwanjani, kampuni itakuonyesha ukurasa wa tisa. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba unakwenda kuruka kutoka kwenye ndege, nawe ujibiwe kwa maandishi. Huenda ukalipa zaidi. Lipa.

Leseni na logibuku

Mimi leseni yangu ni ya daraja A la USPA, chama cha Wamarekani, na inatambulika viwanja vingi. Ili kuipata lazima uwe umeruka mara 25 au zaidi, ufaulu mtihani, na uwe umefunga mwavuli mkuu kwa mikono yako mwenyewe. Kabla ya kulipa tiketi, andikia uwanja unaokwenda uwaulize mambo matatu: wanaitambua leseni yako, lazima ujiunge kwa muda na chama chao cha taifa, na wanataka umeruka lini mara ya mwisho.

Hilo la tatu huwaumiza watu wetu. Kwa ushauri wa USPA, mwenye daraja A akikaa zaidi ya siku 60 bila kuruka inafaa aruke tena chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa peke yake. Daraja B ni siku 90. Nasi tunaruka kwa msimu na kwa mfuko. Mvua za masika zikishuka, kusi ikashika, miezi miwili hupita hujaiona ndege. Kwa hiyo panga mruko mmoja au miwili Diani wiki chache kabla ya kuondoka, isainiwe kwenye logibuku, lile daftari lako la kuandikia kila mruko. Ni nafuu kuliko kulipia mwalimu kwa randi.

Logibuku ibebe mkononi, na uipige picha kila ukurasa.

Vifaa: kununua au kukodi

Safari ya kwanza, kodi. Naomba ufanye hivyo hata kama mwavuli wako uko kabatini. Viwanja vikubwa vina vya kukodisha, na wenyeji wanajua upi unafaa hewa yao. Ulicho nacho mwenyewe kiwe altimita ya mkononi (kipimo cha urefu uliopo angani), kofia, miwani na nguo ya kurukia inayokukaa.

Ukishaamua kununua, usianze na rangi, anza na ukubwa. Chukua uzito wako na kila kitu ulichovaa, uugeuze kuwa ratili, kisha ugawe kwa futi za mraba za mwavuli. Mtu wa kilo 74 mwenye vifaa vya kilo 12 ni kilo 86, yaani ratili kama 190. Akiwa na mwavuli wa futi za mraba 190, ratili 190 ukigawa kwa 190 unapata 1. Mgeni wa mchezo akae kwenye moja au chini yake.

Ami yangu ni nahodha, na nilipomweleza hesabu hii alicheka. Baharini, upepo ukichafuka unapunguza tanga ili upate usalama. Angani mambo ni kinyume: mwavuli ukiwa mdogo, unakwenda kasi zaidi na unagusa chini kwa nguvu zaidi. Vijana wengi huumia chini ya mwavuli uliofunguka vizuri kabisa, ila mdogo mno kwa ujuzi wao. Upepo ukiwa mkali hata mkubwa utakurudisha nyuma, ndiyo. Siku hiyo huruki, unakunywa chai.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliojifunza usawa wa bahari hatulihisi mpaka litukute. Eneo la Johannesburg liko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mwavuli ule ule unakimbia zaidi na kutua kunakuwa kwa kasi. Ndiyo maana mimi humpendekezea mtu wa Malindi aanze Robertson, bonde la mizabibu mwendo kama wa saa mbili kutoka Cape Town, chini zaidi kuliko huko juu.

Kwenye begi la mwavuli la mtumba, tazama kadi ya mwavuli wa akiba. Inaonyesha siku ulipofungwa na nani aliufunga, na penye pini kuna uzi mwekundu wenye lakiri ya fundi. Kwa sheria za Marekani ufungwe upya kila siku 180. Nchi nyingine zina hesabu yake, kwa hiyo uliza unakokwenda. Fundi mwenye leseni ya kufunga akiba hapatikani kila kona ya pwani, na hapa ndipo rafiki yangu wa Shela alipokwama. Funga akiba ukishakuwa na pasipoti na tiketi, siyo kabla.

Kile kidude cha CYPRES

Hiki ni kifaa kidogo kinachokata chenyewe kitanzi cha mwavuli wa akiba ili ufunguke, ukiwa bado unaanguka kasi na ardhi imekaribia. Vigil ni kifaa cha aina hiyo hiyo cha kampuni nyingine, utakutana nacho. Kinapima shinikizo la hewa na hujisawazisha na ardhi pale unapokiwasha. Basi usikiwashe Malindi ukapanda nacho ndege ya abiria. Kiwashe uwanjani, chini, asubuhi ya kuruka. Na ikiwa umesafiri kwa gari kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine ulio juu zaidi, kizime ukiwashe tena. Altimita nayo irudishe sifuri hapo hapo.

Uwanja wa ndege

Andikia shirika la ndege mapema, uchapishe jibu lao. Watengenezaji wa CYPRES wana kadi inayoonyesha kifaa kinavyoonekana kwenye eksirei; ichapishe, uitie mfuko wa begi. Begi la mwavuli libebe peke yake bila kuchanganya na nguo, na fika mapema, maana litafunguliwa. Hakikisha upo linapofunguliwa.

Mimi nilikutana na afisa mmoja, mama wa makamo mwenye heshima zake, akashika kipini cha chuma upande wa kushoto.

"Mwanangu, hiki cha nini?"

"Mama, shikamoo, nakuomba usikivute. Ukikivuta mwavuli wa akiba utatoka wote hapa mezani, na sina fundi wa kuurudisha."

Akaachia, akacheka, akaita wenzake waje kuona. Nilichelewa dakika ishirini nikieleza kuruka mwavuli kwa watu sita. Neno ambalo sikulitamka hata kwa utani ni baruti, ingawa mkataji wa kile kidude hutumia chembe yake. Kadi ya eksirei inaeleza vizuri zaidi kuliko mdomo wako.

Kabla ya kupita, onyesha vifaa kwa watu wa forodha, pamoja na risiti na namba zilizoandikwa kwenye kila kifaa, uombe ithibati kwamba umetoka navyo. Ukirudi bila karatasi hiyo, unaweza kubishana kama ulivinunua huko.

Ukifika

Siku ya kwanza usikimbilie ndege. Utajaza fomu ya kukubali hatari, utatoa leseni, logibuku na kadi ya akiba, na fundi wao atakagua begi. Akikataa, msikilize. Halafu omba maelezo ya uwanja: ndege inapita upande gani, mnatua upande gani, nyaya za umeme ziko wapi, wapi pana maji. Mtoto wa pwani hudhani maji si tatizo kwake, lakini kamba za mwavuli uliolowa hukuzunguka kama jarife. Ndiyo maana USPA hawatoi daraja B mpaka ufanye mazoezi ya kutua majini.

Siku ya mwisho, kabla hujalipa hesabu, kaa na mtu mwenye leseni asaini kila mruko uliofanya, na aandike jina la uwanja, aina ya ndege na urefu mliotokea. Mimi niliacha miwili bila saini nikidhani nitaituma kwa barua pepe. Mpaka leo miruko hiyo miwili haihesabiki.