Ukiwa kwenye foleni na haibridi, usiweke N

Kama unaendesha Toyota Aqua au Prius, kwenye foleni acha gia kwenye D na ukanyage breki. Ukichoka, weka P. N (gia huru) hapana.

Gari hilo lina injini ya petroli na mota mbili za umeme, zote zimeunganishwa na seti moja ya gia. Mota moja huwasha injini na kuzalisha umeme. Ya pili husukuma matairi, na ukipunguza mwendo inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri kubwa. Ukiwa N betri hiyo haichajiwi hata injini ikinguruma, huku AC inaendelea kuinyonya. Ikiisha kabisa gari haliwaki, maana halina stata ya kawaida.

Na breki anza kuzikanyaga mapema, taratibu. Ukikanyaga kwa ghafla, pedi ndizo zinabeba mzigo na nguvu ambayo ingerudi kwenye betri inapotea kama joto. Kwenye mteremko mrefu, kwa mfano ukishuka Kitonga, tumia gia ya B ili injini isaidie kulizuia gari na breki zisichemke.