Kuung'oa mnyoo wa kompyuta katika mtandao wa ofisi ndogo

Mwongozo huu unamlenga fundi anayeitwa kwenye duka la jumla Kariakoo au ofisi ya wakala wa forodha pale Posta, ambako kompyuta chache za Windows hutumia swichi moja. Tofauti na kirusi cha kawaida, mnyoo hausubiri mtu afungue faili. Ukishaingia hujitafutia wenyewe kompyuta jirani zenye udhaifu uleule. Kwa hiyo kompyuta iliyosafishwa na kurudishwa mtandaoni kabla ya wenzake huambukizwa upya.

Hatua ya 1. Chomoa nyaya zote kwenye swichi na uzime Wi-Fi, hata kama kompyuta inayolalamikiwa ni moja tu. Mwenye duka atanung'unika, lakini mashine ya EFD yenye laini yake ya simu itaendelea kutoa risiti.

Hatua ya 2. Chunguza njia ya kuenea. Mnyoo wa WannaCry, ulioanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, ulipitia poti 445 ya kushirikiana mafaili, ilhali Microsoft walikuwa wametoa sasisho la MS17-010 la kuziba udhaifu huo tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Conficker, ulioibuka mwaka 2008, ulienea pia kwa flashi na kwa kubahatisha nywila dhaifu. Kwa maoni yangu, nywila moja ya msimamizi inayotumika ofisi nzima ndiyo mlango unaosahaulika zaidi.

Hatua ya 3. Shughulikia kompyuta mojamoja. Ikague kwa Microsoft Defender Offline, ambayo hufanya kazi kabla Windows haijawaka. Kisha iunganishe peke yake na hotspoti ya simu, uweke masasisho yote, na ufungue PowerShell kama msimamizi ili kuzima SMB (njia ya Windows ya kushirikiana mafaili) toleo la kwanza:

Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol

Fahamu kwamba fotokopi ya zamani inayotuma skani kwenye folda huenda ikagoma baada ya hapo. Itafutiwe njia nyingine, wala usiiwashe tena SMB hiyo kwa ajili yake. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya kawaida Januari 2020, hivyo kompyuta inayoitumia isirudi mtandaoni kabisa.

Hatua ya 4. Kila kompyuta iwe na nywila yake ya msimamizi, wafanyakazi watumie akaunti za kawaida, na fayawoli izuie maunganisho yanayoingia kwa poti 445 popote isipokuwa kwenye seva ya mafaili. Wi-Fi ya wateja itenganishwe na ya ofisi.

Hatua ya 5. Rudisha seva kwanza, kisha kompyuta nyingine mojamoja, na kwenye kila moja uandike netstat -ano, amri inayoorodhesha maunganisho ya mtandao. Ukiona mistari mingi ya SYN_SENT (maombi ya kuunganishwa yasiyojibiwa bado) inayoelekea poti 445 ya anwani nyingi tofauti, mnyoo bado upo: namba iliyo mwisho wa mstari inakuonyesha programu inayohusika katika Task Manager. Andika jina la programu hiyo, chomoa waya, na urudie hatua ya 3 kwa kompyuta hiyo na kwa zote zilizokwisha kuunganishwa kabla yake.