Nyoka barabarani: somo kwa dereva, bodaboda na mtu wa baiskeli

Wakuu, salaam. Somo hili niliahidi tangu masika yaanze, kazi zikawa zinanipiga chenga. Leo niko Ifakara nasubiri mzigo, acha niandike.

Mimi ni dereva. Njia yangu ni Morogoro, Mikumi, Kidatu, Mang'ula, Ifakara, na kabla ya usukani nilikuwa mtu wa baiskeli huku huku, enzi za vumbi. Nyoka nimekutana nao wa kutosha na hakuna hata mmoja aliyeniuma. Kilichonitia hasara ni mtaro. Mwaka wangu wa kwanza wa udereva, saa mbili usiku, taa zikammulika kifutu kalala katikati ya lami. Nikakata usukani. Pikapu ya bosi ikaenda kulala mtaroni na magunia yake ya mchele. Nikapanda juu kwa mikono na magoti, ndala mguuni, kwenye majani marefu gizani. Kufika barabarani, kifutu yuko palepale, hajasogea hata shubiri.

Nyoka barabarani ni mpita njia tu. Wanaoumia wengi ni wanaomkwepa kwa pupa, na wale wanaoshuka kwenda kumwangalia.

Kwanza: kwa nini yuko hapo

Nyoka hana joto lake mwenyewe, analitafuta nje. Weka kiganja kwenye lami saa mbili usiku baada ya siku ya jua kali, utaelewa. Mvua ikinyesha, kumbikumbi na vyura wanajaa barabarani, na anayewala yuko nyuma yao. Huku kwetu tuna msimu mwingine tena: miwa inapochomwa kabla ya kuvunwa. Shamba la miwa ni nyumba ya panya, na penye panya pana nyoka. Moto ukiwashwa, wote wanahama kwa pamoja, na njia ya kuhamia ni barabara. Ukiona moshi wa shamba pembeni, punguza mwendo hata kama ni saa nane mchana.

Pili: jua unachokitazama

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na barabara zetu zimejaa ung'ongo: vipande vya matairi ya malori, kamba za turubai, mabua ya miwa yaliyoanguka kwenye tela. Nimewahi kusimamisha gari kumpisha kipande cha tairi. Sioni aibu. Tofauti yake kwenye taa ni kwamba tairi hujikunja juu na kuacha kivuli chini, nyoka amegandana na lami.

Kifutu, ambaye wenzetu wa Kenya na pwani wanamwita moma au bafe, ni mnene na mfupi, mara nyingi hafiki mita moja, kichwa kipana, mgongoni ana michoro kama herufi V zilizopangwa. Huyu hakimbii. Anategemea rangi yake kujificha, kwa hiyo usitegemee atakupisha. Koboko, yule wanayemwita black mamba kwa Kiingereza, ni mrefu, mwembamba, rangi ya kijivu au hudhurungi. Weusi anaosifiwa nao uko ndani ya mdomo, na ukifika hatua ya kuuona weusi huo umeshasogea mno. Yeye hutembea mchana na huvuka upesi. Chatu utamwona kama gogo, kichwa kishaingia majani upande mmoja na mkia bado haujatoka upande wa pili.

Tatu: uko ndani ya gari

Toa mguu kwenye mafuta. Tazama kioo cha kati kabla ya kugusa breki, maana lori lililo nyuma yako ni hatari kuliko nyoka yeyote Tanzania. Nyuma pakiwa peupe, funga breki ukiwa umenyoosha usukani, washa indiketa zote mbili, simama mbali. Honi haimfukuzi, wala kumpiga taa.

Akiwa mwenye kutembea, baada ya dakika moja kashapita. Akiwa kifutu wa kulala, subiri njia iwe wazi, mzunguke polepole upande wa mkia. Ukishindwa kabisa kusimama, nyoosha gari apite katikati ya magurudumu, kisha endelea na safari yako. Mguu usishuke hapo. Vioo vya milango viwe vimefungwa tangu mapema.

Najua wapo wanaolenga tairi makusudi wakiita ushujaa. Mzee, nyoka huyo ndiye anayekula panya wa ghala lako, na aliyekanyagwa nusu anabaki hapo ana hasira zake zote akimsubiri mtoto wa shule anayepita kwa miguu asubuhi.

Nne: pikipiki

Kosa la bodaboda ni kunyanyua miguu yote miwili juu kama anavuka dimbwi. Ukinyanyua miguu umeachia breki ya nyuma na umepoteza uzito, pikipiki inayumba, unaanguka, na unaangukia palepale alipo. Punguza mwendo mapema, simama mita kumi kabla, mwambie abiria atulie. Kama umemwona akiwa chini ya tairi tayari, shika usukani sawasawa, usibane breki juu yake, pita. Jitazame mbele huko, mita hamsini.

Buti ngumu na suruali ndefu pana zinasaidia kuliko mnavyodhani.

Tano: baiskeli, hapa niwieni radhi nitarefusha

Nyoka hana tundu la sikio kwa nje, mtetemo wa ardhi ndio unaompa habari nyingi. Lori analisikia kwa tumbo kabla hujafika. Baiskeli inateleza kimya kama paka. Na pedeli ikiwa chini, kisigino chako kiko kiganja kimoja tu kutoka ardhini.

Nikiwa kijana natoka mnadani na Phoenix ya baba, magharibi imeshaingia, nikasikia upepo unatoka: *fffffff*, mrefu, wa nguvu, kama mtu katoa valvu. Nikasema moyoni, pancha. Nikasimama, nikashuka, nikainama kushika tairi la mbele. Tairi gumu kama jiwe. La nyuma nalo gumu. Na upepo bado unatoka. Nilipogeuza shingo, kifutu alikuwa pembeni ya njia kajivimbisha, anajaza pumzi na kuishusha, hatua mbili kutoka mkono wangu.

Kwa hiyo mtu wa baiskeli akisikia pancha jioni, asonge mbele kwanza, hata kama rimu inagonga. Tairi utaliangalia mita thelathini mbele.

Ukimwona kabla hujamfikia, simama mbali, shuka upande usio wake, baiskeli ibaki katikati yenu kama ukuta, rudi kinyumenyume taratibu. Usimrushie jiwe wala usimtupie baiskeli. Usiku usitoke bila taa inayomulika chini, siyo ile ya kumulika macho ya wenzako. Na barabara ikiruhusu, kaa kwenye lami, usikate njia za mkato kwenye majani kuokoa dakika tano.

Sita: usimrudie

Aliyekanyagwa hahesabiwi maiti. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda, ni misuli tu inajikaza, na sumu bado imo. Hakuna picha ya kumtumia shemeji inayostahili kidole chako.

Saba: akiuma

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Wengi walio hai leo wako hai kwa sababu waliwahi hospitali. Ondokeni mbali na nyoka. Vua pete, saa, bangili na kiatu cha mguu ulioumwa kabla haujavimba. Lifunge eneo lile kwa ubao au kijiti kama mtu aliyevunjika, lisitikisike. Mgonjwa asitembee. Andika saa aliyoumwa. Piga simu mbele kuuliza hospitali ipi ina dawa ya kupambana na sumu ya nyoka, maana si kila kituo kinayo.

Gari hakuna? Hapa ndipo mshikaki wa bodaboda una maana: dereva mbele, mgonjwa katikati, mtu wa tatu nyuma amkumbatie asianguke. Akitapika au akisinzia, mlaze ubavu. Kwa koboko kope zinaanza kushuka, kumeza kunakuwa shida, kisha pumzi. Hapo muda ni mfupi sana, na pumzi ikikata mpulizieni mdomoni mpaka mfike.

Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza, mafuta ya taa, umeme wa betri ya pikipiki, jiwe jeusi: vyote hivyo acheni. Kamba ya kukaza kwenye mguu ulioumwa na kifutu ndiyo inayoutafuta mguu ukatwe.

Maswali karibuni.

MASWALI

Mtoto wa Dumila: Mkuu, nilisikia koboko anaweza kufukuza pikipiki na kuishinda. Kweli?

Hapana, ndugu yangu. Kwa mbio fupi anafika kama kilomita 16 hadi 20 kwa saa, na hachukui muda anachoka. Bodaboda mzee kabisa anamwacha. Kinachowachanganya watu ni kwamba akishtuka anakimbilia shimo lake, na shimo likiwa nyuma yako utaapa anakufuata. Mpishe.

Mama Neema: Kaka, asante kwa somo. Asubuhi nimeona mkia unaingia chini ya boneti ya gari, imepaki karibu na majani. Watoto wanasubiri kwenda shule. Nifanyeje?

Dada, watoto waende kwa miguu au bodaboda leo. Usiwashe gari ukategemea atatoka kwa joto, anaweza kuingia ndani zaidi au akakatwakatwa na feni nusu mzima. Fungua boneti kwa ndani, uinyanyue kwa fimbo ndefu ukiwa umesimama pembeni, kisha wote ondokeni, acheni kimya saa kadhaa. Mara nyingi anatoka mwenyewe. Asipotoka, tafuta ofisi ya wanyamapori au fundi mwenye uzoefu na nyoka. Mafuta ya taa na petroli usimwagie: nyoka anahamaki, na gari linaungua. Halafu fyeka hayo majani.

Baharia Malindi: Mwalimu, huku kwetu shida ni swila. Rafiki yangu alitemewa sumu machoni akiwa kwa baiskeli. Wazee wanasema maziwa. Wewe wasemaje?

Wazee wako hawajakosea sana. Kinachotakiwa ni kuosha, kuosha tena, maji mengi safi kwa dakika 15 au 20, jicho likiwa wazi. Maji yakikosekana, maziwa yanasaidia kwa kuwa ni kimiminika, hayana uganga. Asisugue. Kisha hospitali, hata akiona vizuri. Swila hutema mita mbili tatu na hulenga uso, kwa hiyo miwani ya kawaida tu ya baiskeli ni kinga kubwa. Na huyo swila mkubwa wa pwani yenu anapita mita mbili kwa urefu. Mwaka 2007 ndipo wanasayansi walipomtambua kama aina yake peke yake, wakampa jina la James Ashe aliyeanzisha shamba la nyoka la Watamu.

Konda Mstaafu: Nyoka akikata njia kutoka kushoto, sisi tulikuwa tunageuza gari, tunaogopa mkosi. Wewe unapita?

Napita, mzee wangu, shikamoo. Lakini sikucheki. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa hivyo, na sikuwahi kumwona akiendesha kwa hasira baada ya hapo. Alikuwa anatulia safari nzima. Faida hiyo naichukua.

Kijana wa Mikumi: Nimekuta chatu kagongwa na lori. Ngozi ile nzuri. Naweza kuichukua?

Usiiguse. Hiyo ni nyara ya serikali, kukutwa nayo bila kibali ni kesi, na "nimemkuta kafa" siyo utetezi wa kutegemea. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori.

Fundi Baiskeli: Mkuu, dawa ya sumu naweza kununua nikaweka kwenye begi la safari?

Hapana. Inaingizwa kwa mshipa na mtu anayejua, maana yenyewe inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali na lazima awepo wa kumhudumia. Nyingi pia zinataka ubaridi. Kwenye begi weka bendeji pana, tochi, na namba za hospitali za njiani.

Mtoto wa Dumila: Swali la mwisho. Yule kifutu wa pancha, ulimfanya nini?

Nilimwachia baiskeli. Nilirudi asubuhi na mjomba, tukaikuta imelala njiani, umande juu ya tandiko, matairi yote mawili yamejaa upepo. Yeye kaondoka zake.