Mzazi akirudi Mbeya na mshono wa kifua

Mzazi wako amepasuliwa moyo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, sasa anarudi Tukuyu, nawe uko Leeds au Houston. Kabla hujafikiria kutuma dawa, hakikisha kuna mtu wa kumchotea maji.

Naanza na maji kwa sababu watu hutazama ngozi na kuusahau mfupa. Mara nyingi, ili kuufikia moyo, daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua, kisha huufunga kwa nyaya za chuma. Ngozi ikishafunga, mgonjwa hujiona amepona, ila mfupa huhitaji wiki 6 hadi 12. Wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5, na ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mama aliyezoea jembe tangu usichana hatatulia kwa kuambiwa "pumzika" kwenye simu. Mlipe kijana wa jirani kwa miezi mitatu achote maji, apasue kuni na kupalilia. Hela hiyo itamfaa kuliko vitamini za ng'ambo.

Wanaomuuguza wasimvute mikono wala kumnyanyua kwa makwapa. Akiamka, ageuke ubavu, ashushe miguu, ndipo ainuke polepole. Akikohoa, aukumbatie mto kifuani.

Mshono wenyewe hautaki mengi. Anayeugusa anawe kwanza kwa sabuni. Daktari akisharuhusu, uoshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, usisuguliwe, kisha ukaushwe taratibu kwa kitambaa safi. Tukuyu mvua haikatiki na nguo hukaa na unyevu, kwa hiyo vitambaa hivyo vipigwe pasi. Asipakwe asali, majivu wala unga wa kapsuli. Shangazi akileta dawa ya majani, apokewe kwa shukrani na dawa iwekwe kando.

Kwa baridi ya Juni na Julai, avae shati la pamba lenye vifungo mbele, sweta juu yake. Jiko la mkaa lisilale naye chumbani: hewa yake inaua.

Kama mshipa wa damu ulichukuliwa mguuni ili kuutengenezea moyo njia mpya ya damu, kuna mshono wa pili huko. Nao ukaguliwe kila siku, na akikaa auinue mguu. Mwenye kisukari afuatilie sukari kwa makini, maana ikipanda kidonda huchelewa kupona na huambukizwa kwa urahisi.

Usiridhike na "naendelea vizuri, mwanangu." Wazee wetu hawapendi kuwatia watoto wasiwasi. Omba picha kila asubuhi, karibu na dirisha, umbali uleule, pamoja na kipimo cha joto la mwili, kisha linganisha na ya jana. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Uliza kama mshono umevimba, una joto, unauma kuliko jana au ngozi yake imekuwa nyeusi zaidi na kung'aa.

Akitoa usaha au harufu, mshono ukiachia, homa ikifika 38, au akisikia mfupa unagonga au kucheza anapogeuka, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na karatasi alizopewa aliporuhusiwa. Zipigwe picha mapema nawe ubaki na nakala, na uelewane na dereva wa karibu anayekubali kuamshwa usiku.