Kabla ya kipupwe, punguzeni nafasi kwenye mzinga mpya

Wafugaji wenzangu wa Njombe na Mufindi, kama kundi la nyuki limeingia mzingani Machi au Aprili, usiliache likae kipupwe ndani ya mzinga mtupu. Mzinga wa pau za juu una pau (vipande vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega) 20 na kitu, na kundi changa mwishoni mwa Mei mara nyingi limejenga masega sita au saba tu. Majana, yaani watoto wa nyuki, yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35. Nafasi tupu inawatesa nyuki: wanakula asali yao kutafuta joto, na masega ya pembeni yasiyolindwa nondo wa nta anayavamia. Njaa na nondo vikikutana, wanahama.

Ili kuziba nafasi hiyo, chonga ubao unaolingana na umbo la ndani la mzinga. Fungua jioni, jua likiwa bado lina joto, moshi kidogo tu. Tazama kila sega: lililofunikwa na nyuki pande zote mbili linabaki. Baada ya la mwisho acha pau moja tupu, kisha simamisha ubao. Pau zibanane, kusiwe na mwanya hata wa kupitisha wembe. Mlango uwe mdogo.

Asali, tafadhali, msivune msimu huu. Hicho ndicho chakula chao cha Juni na Julai.

Maua yakirudi na pau ile tupu ikijengwa, sogeza ubao, pau moja au mbili kila mara.