Jinsi ya kukagua kodi kwenye mshahara wako, mstari kwa mstari (na swali la watoto)

Mwalimu mmoja wa shule ya binafsi alikuja ofisini kwangu Mwanga, hapa Kigoma mjini, akatoa kwenye pochi slipu ya mshahara iliyokunjwa mara nne. Hata kiti hakukikalia vizuri. "Kaka, watoto wangu watano wanapunguziwa wapi humu?" Binamu yake wa Nairobi alimwambia kwamba kule kila mfanyakazi anasamehewa kodi ya shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi. Akaamini kwetu lazima kuna kitu kama hicho, ila mhasibu wa shule anakificha.

Hakifichwi, hakipo. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 haina fungu la kumpunguzia mtu PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa sababu ana mke, mume au watoto. Mseja aliyepanga chumba kimoja Gungu na baba wa watoto sita wa Ujiji, wakilipwa sawa, wanakatwa sawa. Lakini slipu ile ilikuwa na kosa jingine la shilingi 21,250, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Fuata hatua hizi ukiwa na kalamu na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Pata slipu yenyewe

Ujumbe wa benki hautoshi, maana unakuonyesha kilichobaki tu. Mtumishi wa Serikali anaipata slipu yake mtandaoni. Wa sekta binafsi amwombe mhasibu, na kama haandiki slipu, mwombe akuandikie kwa mkono mshahara ghafi na kila kato kwa jina lake. Mhasibu anayegoma kuandika makato yako, hesabu yake ikague mara mbili.

Hatua ya 2: Toa mchango wa hifadhi ya jamii kwanza

Hapa ndipo penye nafuu kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopunjwa. Mchango wako wa pensheni kwenye mfuko unaotambuliwa na sheria unatolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa. Sekta binafsi wengi wako NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 na kwa kawaida mwajiriwa hukatwa 10. Watumishi wa umma wako PSSSF, wao wanakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15.

Mwalimu wangu analipwa 850,000, hana posho yoyote. NSSF yake ni 85,000. Kwa hiyo kiasi kinachotozwa kodi ni 765,000, si 850,000. Andika namba hiyo pembeni ya slipu na izungushie duara.

Hatua ya 3: Piga kodi kwa jedwali

Hili ndilo jedwali la mwezi la Tanzania Bara lililoanza Julai 2021, baada ya Rais Samia kutangaza Mei Mosi ya mwaka huo pale Mwanza kwamba asilimia 9 ya ngazi ya chini inashuka kuwa 8:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000, pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni.

Kabla Serikali haijaweka jedwali jipya, kila mtu anayo hii 270,000 isiyoguswa. Huo ndio msamaha wetu, na mseja anaupata sawa na mwenye familia.

Turudi kwa mwalimu. 765,000 imezidi 760,000 kwa 5,000, na asilimia 25 yake ni 1,250. Jumlisha 68,000, kodi yake ni 69,250. Slipu iliandika 90,500. Nilijua kosa liko wapi kabla sijashika kikokotoo, maana niliwahi kulifanya mwenyewe: mhasibu amepiga kodi kwenye 850,000 nzima, ndipo akatoa NSSF. Kwenye Excel ni fomula moja tu imevuta seli isiyo yake. Mwaka wangu wa kwanza wa uhasibu niliwakata walimu wa shule moja namna hiyo muhula mzima, na kuwarejeshea kidogo kidogo kwenye mishahara iliyofuata ilikuwa aibu ambayo sijaisahau.

Tofauti ni 21,250 kwa mwezi, 255,000 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Usidanganywe na wingi wa makato

Slipu yenye makato manane haimaanishi kodi imepungua mara nane. Marejesho ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesomeshwa kwa mkopo, hayapunguzi kodi hata senti. Vivyo hivyo asilimia 3 ya mtumishi ya Bima ya Afya, ada ya chama cha wafanyakazi, SACCOS na mkopo wa benki. Vyote hivyo vinakatwa kwenye hela iliyokwisha kutozwa kodi. Kuna mzee mmoja wa halmashauri alibishana nami nusu saa juu ya mkopo wake wa benki. Nilimwelewa, inauma, ila mkopo ni mkopo.

Tozo ya mafunzo ya ufundi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri. Ukiviona vimekatwa kwenye mshahara wako, uliza siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Tafuta familia yako kwenye kifungu cha 7

Hapa ndipo watoto wanapojitokeza, kwa mlango wa nyuma. Kifungu hiki cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataja malipo ambayo mwajiri akikufanyia hayahesabiwi kuwa mapato yako. Mawili yanagusa nyumba moja kwa moja.

La kwanza ni matibabu. Mwajiri akikulipia matibabu au bima ya afya, wewe, mwenzi wako na watoto wenu wasiozidi wanne, na akawafanyia wafanyakazi wote bila ubaguzi, gharama hiyo haiingii kodini. Iwe umelazwa hospitali ya Maweni au mtoto ametibiwa malaria zahanati ya jirani, ni nje ya hesabu. Lakini akikupa fedha taslimu kila mwezi na kuziita posho ya matibabu, huo ni mshahara. (Watoto wanne. Huku Buha wanne ni mwanzo wa safari, lakini sheria imekomea hapo.)

Kwa hiyo ukikaa na mwajiri kuzungumza nyongeza, piga hesabu hii. Mwalimu wangu akiongezwa 60,000 taslimu, NSSF inachukua 6,000, kodi inachukua asilimia 25 ya 54,000 ambayo ni 13,500, mkononi zinabaki 40,500. Shule ikizitumia 60,000 hizohizo kulipia bima ya familia ya kila mfanyakazi, hakuna kinachokatwa. Kwa mwenye watoto, sijaona nyongeza nzuri kuliko hiyo.

La pili ni nauli. Ukiajiriwa kutoka mbali, makazi yako yakiwa zaidi ya maili 20 kutoka kituo cha kazi na umeletwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, nauli ya kukuleta na kukurudisha wewe, mwenzi na watoto hadi wanne haitozwi kodi. Aliyetoka Moshi kuja Kigoma kwa treni na familia yake anahusika. Aliyehamia kutoka Mwanga kwenda Bangwe hahusiki.

Pia marejesho ya gharama halisi za kazi, kama umetumwa Kasulu ukalipa nauli mwenyewe, si kipato. Tunza risiti.

Hatua ya 6: Jua uko upande gani wa posho

Hili linawakera sana watu wa mashirika, na wana haki ya kukereka. Posho ya nyumba, usafiri, madaraka, muda wa ziada na mazingira magumu haitozwi kodi kwa mtumishi wa Serikali au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku yake. Kwa dada wa shirika anayehudumia wakimbizi Nyarugusu, posho zilezile zinajumlishwa kwenye mshahara na kukatwa. Usishangae slipu yako isipofanana na ya shemeji yako wa halmashauri.

Na kama una ajira ya pili, tuseme unafundisha jioni chuo kingine kwa 200,000, ile 270,000 huipati tena. Ajira ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja, yaani 60,000.

Hatua ya 7: Mwenzi mwenye biashara

Kodi ni ya mtu mmoja mmoja. Mama anayenunua dagaa Kibirizi na kuwauza ana hesabu yake mbali na mshahara wa mumewe, na mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Daftari linalipa: kwa jedwali la wafanyabiashara wadogo la 2019, mauzo ya milioni 6 bila kumbukumbu ni kodi ya 100,000; ukiwa na kumbukumbu ni asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000.

Hatua ya 8: Dai

Anza na mwajiri kwa barua, kwa sababu yeye ndiye anayepeleka PAYE yako TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na yeye ndiye mwenye kurekebisha. Ambatanisha slipu na hesabu yako ya mistari mitatu: mshahara, mchango, kodi sahihi. Usiandike kwa hasira. Ukizungushwa, nenda TRA na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukiwa njiani, pitia pia NSSF uombe taarifa ya michango yako. Nimeona slipu zenye mchango mzuri kabisa, na akaunti ya mwanachama haina kitu.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu. Mwezi ule wamemkata 69,250, na miezi minne ya nyuma wamekubali kumrudishia. Ya mwaka jana, mhasibu anasema faili bado linatafutwa.