Kabla hujakata klipu: kagua faili kwanza

Anayeanza kuhariri klipu huuliza kwanza programu ipi ni nzuri. Swali hilo linaweza kusubiri. Kwa kazi za kawaida, yaani kukata mwanzo na mwisho, kuunganisha vipande viwili vitatu, kuweka maandishi na kusawazisha sauti, Shotcut, Kdenlive, OpenShot na toleo la bure la DaVinci Resolve zote zinatosha, na ukishaizoea moja hutapotea kwenye nyingine. Kinachowatesa watu ni faili lenyewe. Video iliyotokana na utiririshaji, iwe matangazo yako ya mubashara, mkutano wa mtandaoni au mchezo wa kompyuta, imebanwa ili itazamwe, haikuandaliwa ili ikatwe. Sauti kupishana na midomo, picha kukwamakwama, kipande kuanza na giza: mengi ya hayo yana chanzo kimoja, na yanazuilika kabla programu haijafunguliwa.

Anza na ruhusa, maana ndiyo inayoamua kama kazi itaendelea. Klipu ya matangazo yako haina shida. Ya mtu mwingine inahitaji ridhaa yake au leseni inayoruhusu kuhariri. Zipo leseni za Creative Commons zinazoruhusu kusambaza lakini zinakataza kubadilisha, kwa hiyo isome leseni mpaka mwisho. Video iliyofungwa kwa kinga ya kidijitali, kama filamu za huduma za kulipia, iache ilipo. Kagua pia kilichoonekana kwenye skrini wakati wa kurekodi: arifa za ujumbe, anwani za barua pepe, majina ya watu kwenye dirisha la gumzo. Katika matangazo ya mubashara vitu hivyo hupita haraka na hakuna anayejali, lakini klipu fupi hurudiwa na kusimamishwa, na kila herufi husomeka.

Kisha jiulize faili litatoka wapi. Kama ulirekodi kwenye kompyuta yako huku ukirusha, tumia rekodi hiyo, si ile iliyobaki kwenye jukwaa. Jukwaa huibana video upya baada ya kuipokea, na kila mbano hula kitu kidogo cha picha. Ukilazimika kupakua, fanya mapema. YouTube inaweza kuhifadhi yenyewe matangazo yenye urefu usiofika saa 12, marefu zaidi ya hapo si ya kuyategemea. Majukwaa mengine hufuta rekodi baada ya muda. Na kama matangazo bado hayajafanyika, una bahati, kwa sababu maandalizi mazuri ya uhariri hufanyika kwenye programu ya kurekodi. OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha matangazo, inaweza kurekodi hadi njia 6 za sauti kwa pamoja. Weka maikrofoni kwenye njia yake, mchezo au wageni kwenye nyingine, muziki peke yake. Baadaye ukitaka kuondoa wimbo wenye hakimiliki, utaufuta bila kugusa maneno yako. Sauti zikishachanganywa katika njia moja, kuzitenganisha ni kazi ya kubahatisha.

Kwenye OBS hiyohiyo kuna suala la kasha, yaani ile MKV au MP4 mwishoni mwa jina la faili. MP4 ya kawaida huandika orodha yake ya yaliyomo pale rekodi inapofungwa. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na faili kubwa lisilofunguka. MKV huvumilia ajali kama hiyo. Kwa hiyo rekodi kwa MKV, halafu, kama programu yako ya kuhariri haiipendi, tumia sehemu ya OBS inayohamisha rekodi kutoka MKV kwenda MP4. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na haipunguzi ubora, kwa sababu kinachobadilika ni kasha tu, picha na sauti zinabaki zilivyo.

Sasa tufike kwenye kiini. Video ya H.264, kodeki (yaani njia ya kubana video) iliyotoka mwaka 2003 na ambayo bado imetapakaa kila mahali, haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, kama picha kamili. Huhifadhi picha kamili moja, inayoitwa fremu kuu, kisha kwa fremu zinazofuata huandika zaidi yale yaliyobadilika. Kwa matangazo ya mubashara YouTube hupendekeza fremu kuu moja kila sekunde 2, na isizidi sekunde 4. Katika video ya fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni picha kamili moja kwa kila fremu 120. Ukikata katikati, kompyuta lazima irudi kwenye fremu kuu iliyotangulia na kujenga upya kila kitu mpaka pale ulipokata. Ndiyo maana mashine inayocheza video vizuri kabisa inaweza kuhema ukianza kuisogeza mbele na nyuma kwenye mstari wa muda.

Kutokana na hilo, amua mapema unataka mkato wa namna gani. Kama unachohitaji ni kutoa dakika tano kutoka kwenye rekodi ya saa tatu, LosslessCut au Avidemux zitakata bila kubana upya: ni haraka na ubora haupotei, ila mkato huanzia kwenye fremu kuu, kwa hiyo unaweza kubaki na sekunde moja au mbili za ziada mwanzoni. Ukitaka mkato uangukie kwenye neno halisi, au uongeze maandishi, itabidi video ibanwe upya. Mimi huona ni busara kutumia njia zote mbili: kwanza mkato wa haraka wenye nafasi kidogo kila upande, kisha uhariri wa kina kwenye kipande hicho kidogo. Kompyuta ya kawaida inapumua, nawe hutafuti sekunde thelathini ndani ya saa tatu.

Hatari ya pili imejificha zaidi: idadi ya fremu inayobadilika. Simu na baadhi ya programu za kurekodi skrini au mikutano hupunguza fremu pale mashine inapozidiwa au picha isipobadilika, kisha huziongeza tena. Kichezeshi cha video hakisumbuki, kwa sababu kila fremu ina muda wake ulioandikwa. Baadhi ya programu za kuhariri, hata hivyo, hudhani fremu zimepangwa sawasawa, na hapo sauti huanza kuiacha picha, kidogo mwanzoni, sana mwishoni. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, na utazame sehemu ya kasi ya fremu. Ikisema inabadilika, ipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza video, ukichagua kasi isiyobadilika, 30 au 60 kulingana na ilivyorekodiwa. Shotcut hukuonya yenyewe na kujitolea kugeuza faili, kubali. Ukiwa hapo MediaInfo, angalia pia sauti, ambayo kwa video huwa kilohezi 48, na kodeki yenyewe. Kwa wanaotumia Linux, toleo la bure la DaVinci Resolve limejulikana kwa miaka kutosoma H.264, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujapakua programu nzito kiasi kile.

Nafasi ya diski ni hesabu rahisi. Utiririshaji wa megabiti 6 kwa sekunde ni megabaiti 45 kwa dakika, yaani gigabaiti 2.7 kwa saa. Rekodi ya saa tatu inazidi gigabaiti 8. Ongeza faili lililogeuzwa, mafaili ya muda ya programu na matokeo ya mwisho, kisha tenga angalau mara tatu ya ukubwa wa asili. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja la kuanzia gigabaiti 4. Mpangilio wa ExFAT huondoa kikwazo hicho. Fanya kazi kwenye SSD, ile diski ya kasi, kama unayo.

Folda moja kwa kila mradi, na usihamishe kitu baada ya kuanza. Faili la mradi halina video ndani yake, lina anwani tu za mahali video zilipo. Ukibadilisha jina la folda, programu itakuambia vipande havipatikani.

Kuhusu mashine yenyewe, kumbukumbu ya gigabaiti 8 huendesha kazi nyepesi, 16 hukupa utulivu. Kama ni dhaifu, washa proksi: programu hutengeneza nakala ndogo za video kwa ajili ya kuhariri, kisha hurudi kwenye za asili wakati wa kutoa faili la mwisho. Kdenlive, Shotcut na Resolve zote zina uwezo huo.

Umbo la klipu nalo liamuliwe kabla. Ukichukua video ya 1920 kwa 1080 na kukata kipande cha wima cha 9 kwa 16 chenye kimo chote, unabaki na upana wa pikseli kama 608 tu, ambazo itabidi zikuzwe karibu mara 1.8 ili zifike 1080. Uso utavumilia, maandishi madogo ya kwenye skrini hayatasomeka. Anayejua mapema kwamba klipu itakwenda kwenye YouTube Shorts, ambazo tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika 3, hupanga kamera na maandishi yake katikati ya skrini tangu siku ya kurekodi.

Mipangilio ya mradi ifuate chanzo: fremu 60 zibaki 60. Kwa kutoa faili, MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC hukubalika karibu kila mahali. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 30, na 12 kwa yenye 60. Kupandisha zaidi ya chanzo hakurudishi ubora uliokwisha kupotea, lakini kushusha chini yake kunaongeza hasara.

Kabla ya kuanza kazi kamili, weka rekodi nzima kwenye mstari wa muda, ruka moja kwa moja hadi dakika ya mwisho, toa sekunde 30 za hapo na uzitazame kwenye simu ukiwa na vipokea sauti masikioni. Chagua mwisho, si mwanzo, kwa kuwa mpishano wa sauti na picha hujilimbikiza. Midomo ikiwa sawa na maneno hapo, anza kukata. Isipokuwa sawa, rudi HandBrake.